Muulize Fundi: Mota ya Kukunia Nazi

SWALI: Assalaamu alaikum Ami Fundi, na shikamoo. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Babu yangu alipofariki aliniachia mashine ndogo ya kukereza, nimeitia bandani nyuma ya nyumba. Nakereza bushi za pikipiki, pini za bawaba na puli za pampu, na alhamdulillahi wateja wapo. Kinachonitesa ni visu vya mashine. Navinoa kwa mkono kwenye grenda ya mezani, na kila nikinoa, kisu kinatoka na sura nyengine. Leo kinakata vizuri, chuma kinatoka kimejisokota kama ukili. Kesho kisu kile kile kinalia, kinatetemeka, na kazi inatoka ina mistari mistari. Mashine za kunolea za dukani siziwezi bei. Nyumbani ipo mota ya mashine ya kukunia nazi, ya bibi, ambaye biashara ameshaiacha. Je, naweza kuiundia cherehe ya kunolea visu vyangu na biti za drili? Na nitie jiwe gani?

JIBU: Waalaikumu salaam mwanangu, na marahaba. Mungu amrehemu babu yako. Mota hiyo mwombe bibi kwanza, usiichukue tu kwa kuwa imekaa. Nimeshaona nyumba ikizozana mwezi mzima kwa ajili ya mota ya pampu ambayo hakuna aliyeikumbuka mpaka ilipoondolewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza mota, umeuliza jiwe. Meza, pale kisu kinapolazwa mbele ya jiwe, hukuiuliza, na ugonjwa uliouelezea ni wa meza. Grenda uliyonayo inazunguka na jiwe lake linakula chuma. Kinachobadilika kila siku ni mkono wako. Kiwiko kikiinuka kidogo tu, pembe imehama nyuzi tatu nne, na kisu cha kukerezea kinaishi ndani ya nyuzi hizo. Kwa hivyo ya mota nitayasema mbio mbio, nikakae na meza.

Mota isome bati lake. Ikiwa imeandikwa mizunguko 1,400 na kitu kwa dakika, au 2,800 na kitu, zote zafaa, na nusu farasi yatosha. Kasi yenye maana ni ya ukingo wa jiwe. Chukua kipenyo kwa mita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 60. Jiwe la milimita 150 kwenye mota ya 2,850 linakwenda mita 22 na ushei kwa sekunde. Jiwe la mezani la kawaida huundwa livumilie mita 35, na mizunguko yake ya mwisho imechapwa kwenye karatasi yake, kwa hivyo hapo umo salama. Sasa piga hesabu hiyo hiyo kwa grenda ya mkono inayozunguka 11,000: jiwe lile lile litakwenda mita 86. Nayataja haya kwa sababu hakukosekani kijana wa kutaka kulifunga jiwe la mezani kwenye grenda ya mkono, eti kwa dakika mbili tu.

Angalia na upande inaozungukia. Jiwe linatakiwa lishuke likija kwako. Ikiwa mota yazunguka kinyume, na ni ya fezi moja yenye kapasita, fundi umeme atabadilisha ncha mbili za koili ya kuanzia, kazi ya muda mfupi.

Ila jiwe usilifunge kwenye shafti ya mota yenyewe. Beringi zake zimekunywa tui miaka yote hiyo, zimechoka. Tumia mkanda, na shafti ya jiwe ikereze mwenyewe. Mashine unayo, ndiyo raha yake. Mimi natumia beringi 6203, yaani milimita 17 ndani, 40 nje, 12 upana. Zimejaa kwenye pikipiki na mashine za kufulia, kwa hivyo dukani kwa spea hutahangaika. Chukua zilizozibwa mpira pande zote mbili, maana vumbi la jiwe ni msasa unaoruka. Nyumba ya beringi ikate kwenye bomba nene, na matundu yote mawili yakereze bila ya kulifungua bomba kulitoa kwenye mashine, ili yakae mstari mmoja. Ukitia mawe mawili, mwisho wa kushoto wa shafti uwe na uzi wa kushoto na wa kulia uwe na uzi wa kawaida, la sivyo nati ya kushoto itajifungua yenyewe huku unaitazama.

Jiwe hubanwa baina ya visahani viwili vya chuma vilivyo sawa, kipenyo chake kisipungue theluthi ya jiwe. Kwa jiwe la 150, visahani vya 50. Katikati vichimbe kidogo, vibane kwa ukingo wao tu. Karatasi za duara zinazokuja na jiwe si mapambo, ziache pahala pake. Nati kaza kwa spana fupi, na usiongeze bomba kwenye mpini.

Ama aina ya jiwe: la kijivu ni la vyuma vya kawaida, kwa visu vya haispidi, yaani feleji inayovumilia moto wa kukata, tafuta jeupe, linakata kwa ubaridi kuliko la kijivu kwa sababu linamomonyoka na kutoa meno mapya, la kijani ni la kabaidi, zile ncha ngumu mno za visu, huko kwengine linapotea bure. Chembe namba 60 za kutengenezea umbo, namba 120 za kumalizia. Kwenye karatasi kuna herufi ya ugumu. J au K ni laini, ndiyo unayoitaka. Watu hudhani jiwe gumu ndilo la chuma kigumu, kumbe kinyume chake: jiwe gumu likishapoteza meno halikati tena, linasugua na kuchoma.

Kabla ya kulifunga, ligonge. Pitisha kijiti kwenye tundu lake, liachie lining'inie, lipige kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima linalia kama kengele. Lenye ufa linatoa sauti ya kigae, hilo livunje kabisa ulitupe, mwengine asije akaliokota. Nilipokuwa kijana, kwenye karakana ya watu, jiwe liliniponyoka likaanguka sakafuni kutoka kimo cha goti. Nikaligeuza geuza, ufa sikuuona, nikalifunga. Nimebonyeza swichi, mtu akaniita mlangoni, nikageuka kumwitikia. Kipande kilipita pale pale kilipokuwa kichwa changu, kikatoboa bati la paa. Lile tundu lilitudondoshea maji kila masika mpaka nilipoacha kazi pale, na kila tone lilikuwa kama linaniita jina. Kwa hivyo tia kifuniko cha chuma cha milimita 3 kinachozunguka jiwe, kiache wazi pahala pa kunolea tu. Ukiwasha, simama ubavuni, lihesabie dakika moja ndipo ukae mbele.

Sasa meza.

Tafuta bamba la chuma la milimita 10, urefu 150, upana 100. Usiniletee bati la milimita 3 ukaniambia ni meza. Meza yangu ya kwanza ilikuwa nyembamba na imeshikwa na mkono mmoja wa chuma. Kisu kikigusa jiwe, meza inacheza, na nikawa nalaumu beringi. Nilibadilisha beringi mara mbili kabla ya kutia kidole chini ya meza nikahisi inavyotetemeka. Ishike kwa mikono miwili, mmoja kila upande, na kila mkono uwe na bawaba na boliti ya kukazia. Upande mmoja chomelea tao la chuma lenye alama za nyuzi. Ukingo wa meza uwe sambamba na uso wa jiwe, na mwanya baina yao usizidi milimita 3; mimi naacha moja na nusu. Mwanya mkubwa ndio unaomeza kisu pamoja na ncha ya kidole. Jiwe likipungua, sogeza meza.

Juu ya meza unahitaji mfereji unaokwenda sambamba na jiwe. Huna mashine ya kuchonga mifereji, na mimi sina. Chukua vyuma bapa viwili, vifunge juu ya bamba kwa skrubu za vichwa vilivyozama, uache nafasi ya milimita 10 baina yao. Humo ndani kipite kipande cha chuma kilichokwenda sawa na nafasi, kiteleze bila ya kucheza. Juu ya kipande hicho tia mwongozo unaogeuka kwenye boliti moja, kama mlango mdogo. Kisu chako kinaegemea mwongozo, kimelala juu ya meza, nawe unakisukuma kushoto na kulia mbele ya jiwe. Mwinamo wa meza unashika pembe ya chini, mwongozo unashika pembe ya ubavu. Mkono umebakiwa na kazi ya kusukuma tu, na kusukuma hata mtoto wa skuli anajua.

Nyuzi utazipimaje? Usitafute kifaa cha bei. Chukua kopo la maziwa ya unga, likunjue, kata pembetatu kwa mkasi wa bati. Kwa kila milimita 100 za kwenda mbele, ukipanda 14 umepata nyuzi 8. Ukipanda 17 na nusu ni nyuzi 10. Ukipanda 27 ni nyuzi 15. Ziandike kwa msumari, zitundike ukutani, uwe unazisimamisha juu ya meza kila unapoiinamisha. Kwa chuma laini, chini ya makali toa mwinamo wa nyuzi 8, mbele na ubavuni. Juu, kuelekea ubavu, toa 12 mpaka 15. Kwa shaba ya njano juu usitoe kitu, acha bapa, la sivyo kisu kitajichimbia chenyewe. Ule mlio na mtetemeko wako, ningeweka dau kwamba siku hizo chini ya makali umetoa nyuzi mbili au hukutoa kabisa, kisu kinasugua kwa kisigino.

Utaambiwa kwamba jiwe la duara linachimba shimo kwenye uso wa kisu. Ni kweli, nalo ni dogo: kisu cha milimita 10 kwenye jiwe la 150, shimo lake katikati ni sehemu ya sita ya milimita. Halidhuru. Siku ukipata jiwe la kikombe, ambalo unanolea kwenye uso wake bapa, hata hilo litaondoka. Ila jiwe la kawaida usilikandamize ubavuni. Halikuundwa kubanwa huko.

Biti za drili zinataka kishikio chao, chuma cha pembe kilichofungwa juu ya mwongozo kwa nyuzi 59, ndiyo nusu ya 118 za ncha ya biti. Kipimo chake ni bure: chukua nati mbili za pembe sita zilizo sawa, zilaze, zibananishe ubavu kwa ubavu. Bonde linalotokea baina yao ni nyuzi 120, karibu sawa na 118. Ncha ya biti ikikaa humo bila ya kuona mwanga, umefika. Kisha tazama midomo yake miwili iwe na urefu mmoja. Mmoja ukizidi, biti ya 10 itakutobolea tundu la 10 na nusu, nawe utasema mashine ya babu imechakaa.

Jambo la mwisho, la umeme. Waya wa nyaya tatu, na wa ardhi ufungwe kwenye mwili wa mashine. Swichi ifikike kwa mkono wa kushoto. Na ukiweza, tia kontakta ya kujiachia umeme ukikatika, maana kwetu umeme hukatika ukiwa umeinama kazini, unatoka kunywa chai, ukirudi ghafla mashine inakuwashia jiwe peke yake bandani, na huenda kuna mtoto anachezea meza.

SWALI: Maalim, mimi ni fundi wa majahazi Nungwi. Patasi yangu ya urithi niliinoa kwenye grenda ya jirani, ncha ikageuka buluu. Tangu siku hiyo makali hayakai, mbao moja tu imelala. Nimeiua?

JIBU: Umeiua ncha tu, mwili wake bado ni mzima. Patasi za zamani ni feleji ya kaboni, ugumu wake unaondoka kwa moto mdogo mno. Ikipata rangi ya majani makavu imeshafika kiasi cha nyuzijoto 230. Zambarau ni 280 hivi. Buluu ni 300, na hapo imekuwa laini. Visu vya huyu kijana wa Wete ni vya haispidi, vinavumilia mpaka karibu 600, ndiyo maana mafundi wa chuma wanawapa mafundi wa mbao ushauri mbaya bila ya kujua. Lakini hata hao nawaambia: haispidi iliyowaka usiitose kwenye maji, inafanya nyufa ndogo ndogo usizoziona. Patasi yako, yenyewe, itose kila ukihesabu mbili.

Ondoa buluu yote mpaka ukute chuma cheupe, kwa kugusa na kuachia, gusa na kuachia. Utapoteza milimita chache. Kisha nyuzi 25, na umalizie kwenye kinoo kwa 30.

Lakini dawa yako hasa ni cherehe ya mwendo wa pole. Unakumbuka Disemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja nzima tukakaa bila ya umeme wa gridi mpaka Machi 2010? Wenye majenereta walinguruma. Mimi nilichukua miguu ya cherahani ya marehemu mama, ile ya chuma yenye kanyagio na gurudumu kubwa, nikaifunga jiwe la 200 pahala pa kichwa cha cherahani. Cherehe na cherahani, tazama majina yanavyofanana, nikaona si vibaya yakikaa nyumba moja. Nilikanyaga miezi ile nikinolea watu mapanga, visu vya bucha na patasi, na hakuna hata moja iliyogeuka rangi. Umeme uliporudi sikuifungua. Mafundi wa mbao wa mtaani kwangu mpaka leo wanaipita mashine ya mota, wanaikalia ile.

Kipo kimoja nilichokiongeza baadaye: meza, ile ile niliyomwelezea kijana, imefungwa kwa nyuzi 25 na haiguswi. Kabla yake kila mtu alikuwa anaondoka na pembe yake. Kopo la maji weka kando, mkono uchovye patasi. Jiwe lenyewe usiliache limekaa ndani ya maji, litakunywa upande mmoja na kesho litazunguka likiyumba.

SWALI: Fundi, mimi si fundi, ni mama wa fundi. Tunakaa Jang'ombe. Mwanangu amejiundia mashine ya kunolea, ameifunga ukumbini karibu na dirisha kwa sababu ya mwanga. Mazulia yana matundu ya cheche, na juzi nimekuta unga mweusi kwenye sinia la mchele. Nikisema, anasema ni chuma tu, hakidhuru.

JIBU: Bi Mkubwa, shikamoo. Mwonyeshe barua hii na umwambie imeandikwa na mtu anayekohoa. Unga ule ni chuma na chembe za jiwe pamoja, na pahala pake si kifuani mwa mtu wala kwenye mchele. Mashine itoke nje leo, iende kibarazani au uani, mbali na makuti, mafuta ya taa na taka za randa. Cheche hujificha kwenye taka za mbao zikazuka baada ya saa nzima. Mwenyewe afunge pua kwa barakoa na macho kwa miwani. Glavu asivae, zinavutwa na jiwe. Na ikiwa ananoa na kikoi, ncha zake azichomeke. Mwanga akiutaka, taa ya mezani haina gharama ya zulia.

SWALI: Naweza kusagia alumini kwenye jiwe la kijivu? Mkoani, Pemba.

JIBU: Usisagie. Alumini inayeyuka na kuziba matundu ya jiwe, jiwe linapata moto, na jiwe lililoziba likikandamizwa hupasuka. Vumbi lake pia, likikutana na cheche za chuma, hushika moto. Kama umeshasagia na jiwe limekuwa linang'aa, lichonge upya kwa almasi ya kuchongea mpaka uone chembe. Alumini ipige tupa, na tupa yenyewe uipake chaki ya skuli kwanza, haitaziba.